Simu Mpya, Deni la Zamani



 Wanafunzi wetu wapendwa na wazazi wao, katika toleo hili sitaandika juu ya jambo nililolisoma, bali juu ya jambo lililonipata mwenyewe. Mwalimu anayewaficha wanafunzi kosa lake huwa amewanyima nusu ya somo.

Jambo lenyewe ni la simu. Kwa miaka kadhaa nilikuwa na simu ya mfumo wa Android, kama walivyo nayo wengi wetu hapa Kilosa. Ndani yake nilikuwa na programu mbili nilizozitegemea sana. Ya kwanza ni ya Qur'ani yenye tafsiri na alama za tajwidi. Ya pili ni ya rejista: majina ya wanafunzi wa Kilosa na wa Mikumi, mahudhurio yao, sura walizohifadhi na ada zilizolipwa. Zote mbili ni programu za kununua, nami sikuzinunua. Kijana mmoja fundi simu alinirushia kutoka kwenye simu yake, zikiwa zimeshavunjwa kufuli, nami nikampa shilingi 1,000 ya soda. Nikamshukuru na nikamwombea dua.

Mwaka jana baada ya Idi nikaamua kuhama. Jamaa yangu wa Dar es Salaam alikuwa anauza iPhone ya mtumba, tukakubaliana nimpe simu yangu na kuongeza fedha. Nikisema kweli, simu yangu ya zamani haikuwa na ubaya ila betri. Kilichonisukuma ni macho ya watu. Kila nilipokuwa kwenye kikao na walimu wenzangu wa mjini niliona haya kuitoa mfukoni.

Majina ya watu na picha vilihamia simu mpya bila taabu. Rejista haikuhama. Programu ya kuvunjwa haina njia ya kuweka nakala kwa mwenye programu, kwa sababu mwenye programu hakujui; hukuwa mteja wake. Nilipogundua hilo, simu ya zamani ilikuwa imeshafutwa na iko mikononi mwa mtu mwingine. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda Mikumi kama kawaida. Kuna mama mmoja pale anayeuza vitunguu kando ya barabara kuu, na ana watoto wawili kwetu. Nikamwuliza ada ya miezi mitatu. Akaniangalia, akaniambia, "Ustadh, nilikulipa mkononi, ukaandika kwenye simu yako mbele yangu. Ulisema risiti haina haja." Nikanyamaza. Akaendelea, "Kama imepotea nitalipa tena, wanangu wasirudishwe nyumbani. Lakini sitakuwa radhi."

Ndugu zangu, maneno hayo yalinikata. Katika Surat al-Baqarah, aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Allah (s.w.) ametuamrisha kuandika madeni na kuweka mashahidi. Nimeifundisha aya ile mara nyingi. Nami ndiye niliyeandika amana za watu ndani ya kitu cha wizi. Nilimwambia yule mama hadaiwi kitu. Wazazi wote waliosema wamelipa nimewasadiki, na pengo lililobaki nimelifidia kutoka katika posho yangu. Kwa wote niliowatia mashaka, hapa naomba radhi kwa maandishi.

Somo la pili lilitoka kwa mtoto. Nilipotaka kuweka tena ile programu ya Qur'ani katika simu mpya, duka likanitaka nilipe. Nikalalamika mbele ya darasa kwamba huku kila kitu ni fedha. Mwanafunzi mmoja mdogo akauliza kwa adabu, "Ustadh, kule kwenye simu ya zamani ulimlipa nani?" Siku ile, kwa kudura ya Allah, tulikuwa katika juzuu ya Amma, Surat al-Mutaffifin, sura inayowaonya wanaotaka watimiziwe kipimo chao ilhali wao wakiwapimia wengine hupunguza. Sikuwa na jibu la kumpa. Makala hii ndiyo jibu lake.

Programu ni mali ya mtu

Kwanza tuelewe tunazungumzia nini. Kampuni ya Apple ilifungua duka lake la programu Julai 2008, na duka la Android likafunguliwa Oktoba mwaka huo huo; tangu 2012 linaitwa Google Play. Humo watu huuza kazi zao: mmoja ameandika kamusi, mwingine hesabu za duka, mwingine masomo ya tajwidi. Mnunuzi akilipa, mwenye duka huchukua fungu lake, kwa kawaida asilimia 30, na tangu 2021 asilimia 15 kwa wauzaji wadogo, na kinachobaki humwendea aliyeitengeneza kazi. Huyo aliyeitengeneza mara nyingi si tajiri. Anaweza kuwa kijana kama ninyi aliyekesha usiku mwingi.

Wapo wanaosema: hiki si kitu cha kushikika, nikichukua nakala mwenyewe habaki bila kitu, basi wizi uko wapi? Suala hili wanazuoni wamelijadili. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, iliyo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait Desemba 1988, iliamua kwamba haki za utunzi, za ugunduzi na za jina la biashara ni haki zenye thamani ya mali, zinalindwa na sheria, na haijuzu kuzivamia. Na hata bila ya uamuzi huo, tunaijua Surat an-Nisaa aya ya 29, inayokataza kula mali za watu kwa batili na kuhalalisha biashara ya kuridhiana. Mwenye programu ameweka bei. Ridhaa yake iko katika bei ile. Aliyevunja kufuli hana ridhaa ya kumgawia mtu yeyote.

Nauli ni mfano mwepesi. Basi la kutoka Kilosa kwenda Mikumi linapita Ulaya, Ulaya yetu hii ya hapa wilayani. Safari ni ile ile, uwemo ndani usiwemo. Kiti chako kingekuwa kitupu, basi lingekwenda vile vile. Je, kuna anayeshuka Mikumi akamwambia konda, "Sikupunguzii kitu, basi lingekuja tu"? Hakuna. Nauli tunalipa kwa sababu konda yuko mlangoni na tunamwona. Mwenye programu hatumwoni. Hapo ndipo inapopimwa taqwa, maana Allah anatuona mahali pasipo na konda.

Wengine husema elimu ya dini haiuzwi. Nami nakubali kwamba asiuziwe mtu haki yake ya kujifunza. Lakini msahafu tunaununua dukani, na hatusemi kwamba kwa kuwa ni maneno ya Allah basi tuuchukue bila kulipa. Tunachokilipia ni karatasi, wino na jasho.

Hoja yenye uzito ni ile ya umaskini. Bei nyingi zimewekwa kwa hesabu ya dola, na kwa mkulima wa Malolo dola tano ni fedha nyingi. Pia malipo mara nyingi yanahitaji kadi, na wengi wetu hatuna. Hoja hii naiheshimu, lakini jawabu lake si kuiba. Asiyeweza kununua atafute ya bure iliyotolewa kwa ridhaa, nazo ni nyingi, za Qur'ani na za hadithi. Asiyeweza hilo, msahafu na daftari vipo. Umaskini wetu haujawahi kuwazuia wazee wetu kuhifadhi.

Bure nayo ina bei

Hata hivyo, si kila cha bure ni salama. Tulizoea bure kiasi kwamba tumesahau kuuliza. Hata WhatsApp, iliyoanza mwaka 2009, kwa muda iliwatoza watumiaji kama dola moja kwa mwaka, na ikaacha Januari 2016, baada ya kununuliwa na Facebook. Kampuni kubwa haikusamehe fedha ile kwa sadaka. Inapata faida kwa njia nyingine.

Mfano unaotuhusu sisi Waislamu ni wa Muslim Pro, programu ya nyakati za sala na kibla iliyopakuliwa zaidi ya mara milioni 90 duniani. Novemba 2020 waandishi wa habari wa Marekani walifichua kwamba taarifa za mahali walipo watumiaji wake zilikuwa zikienda kwa kampuni iitwayo X-Mode, iliyokuwa ikiuza taarifa za namna hiyo kwa makandarasi, na kupitia hao zikalifikia jeshi la Marekani. Wenye programu walitangaza kukata uhusiano na kampuni ile, na mwezi uliofuata Apple na Google wakawakataza watengenezaji programu kutumia kifaa cha X-Mode. Lakini fikirini: mtu anatafuta kibla asali, kumbe mahali aliposimama pameshauzwa. Kwa hiyo programu ikiwa ya bure, uliza mwenyewe anakula nini. Kama hujui, basi pengine anakula taarifa zako.

Na hizo za kuvunjwa ni mbaya zaidi, kwani aliyezivunja anaweza kutia ndani chochote, katika simu hiyo hiyo tunayotunzia fedha zetu. Watanzania tulikwishaonja Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchi nzima na watu wakabaki na vipande vya plastiki mkononi. Rahisi ghali.

Kabla hujahama simu

Sasa kwa wanaotaka kubadilisha simu, niseme nilichojifunza kwa gharama.

Kwanza, jiulize nia. Kama simu imekufa au kazi imekuzidi, hama kwa heri. Kama ni macho ya watu, kumbuka Surat al-Israa aya ya 26 na ya 27, namna wabadhirifu walivyohesabiwa ndugu wa mashetani. Simu zote mbili zinapiga, zinapokea na zinasoma Qur'ani.

Pili, ulichonunua katika duka la Android hakihami kwenda iPhone, wala cha iPhone hakihami kwenda Android. Ni maduka mawili ya wapinzani wawili. Ukibaki katika mfumo ule ule, ununuzi wako unakufuata kwa akaunti yako. Ukivuka, mara nyingi utalipa upya. Basi andika orodha ya ulivyolipia, ujue bei ya kuhama si ya simu peke yake.

Tatu, toa kumbukumbu zako kabla ya kuikabidhi simu ya zamani, uzifungue kwenye simu mpya uzione kwa macho, ndipo ufute.

Nne, tofautisha bei ya mara moja na malipo ya kila mwezi. Ya kila mwezi huendelea kukatwa mpaka uyasimamishe mwenyewe. Kuifuta programu kwenye simu hakuyasimamishi.

Tano, ukinunua ukakuta siyo, dai. Google huruhusu kuomba kurudishiwa fedha za programu nyingi ndani ya saa 48. Wanafunzi wa fiqhi wataikumbuka khiyari ya masharti katika mlango wa mauzo, ambayo mafaqihi wa Kishafi wameiwekea ukomo wa siku tatu. Na katika duka la Apple, familia ya watu hadi sita inaweza kutumia pamoja programu iliyonunuliwa mara moja, ikiwa mwenye programu ameiruhusu. Hiyo ndiyo njia halali ya kupunguza gharama.

Wazazi nawaomba jambo moja. Mtoto akija na simu iliyojaa programu, msiulize tu anaangalia nini. Muulizeni pia amezipata wapi na kwa idhini ya nani. Mtoto aliyezoea kuchukua cha asiyemwona hatajua kusimama atakapofika kwenye cha anayemwona.

Kwa upande wetu, ada za madrasa sasa zinaandikwa katika daftari kwa wino, na kila mzazi anapewa risiti, awe amelipa laki au elfu mbili. Walimu tumechangishana tukainunua programu moja ya rejista kihalali, nayo ni ya msaada tu. Daftari ndilo lenye neno la mwisho. Programu ya Qur'ani ninayoitumia sasa ni ya bure iliyotolewa kwa ridhaa ya wenyewe. Ile ya zamani nimeshaifanyia hesabu: nimenunua nakala yake katika simu hii, ingawa siitumii sana, ili aliyeitengeneza apate haki yake kabla hatujakutana mbele ya Mola wetu.

Yule mwanafunzi aliyeuliza swali namshukuru. Hakunivunjia heshima. Alinirudishia somo nililomfundisha mwenyewe, na mwalimu hana malipo makubwa kuliko hayo.

Allah atuwezeshe kutofautisha halali na haramu katika makubwa na madogo, atusamehe tulipoteleza, na awabarikie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.