Ukifunga Tairi Kubwa, Hesabu na Difu

Leo mbolea na dawa naziweka pembeni. Nazungumzia tairi, maana msimu huu nimeona faida ya kabichi ikiishia kwa fundi.

Kijana mmoja anayenunua mboga huku kwetu milima ya Usambara alibadilisha tairi za pikapu yake inayovuta magurudumu yote manne. Alitoa 225/70R15, akafunga za inchi 31. Sababu yake ilikuwa ya kweli: njia ya kwenda mashambani ina korongo, na gari lilikuwa linagusa tumbo. Korongo likaacha kumsumbua. Lakini alipopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto na shehena ya mbolea, pale alipozoea gia ya pili sasa gari lilidai ya kwanza, na haukupita muda klachi ikaungua. Akaambiwa injini imechoka. Injini ilikuwa nzima kabisa!

Tairi ya zamani ina kimo cha karibu sentimita 70, hii mpya karibu 79. Ni ongezeko la asilimia 13. Kila mzunguko mmoja wa gurudumu unalipeleka gari mbali zaidi, kwa hiyo injini inabeba zaidi kila mzunguko. Hata spidi mita inadanganya: ikisoma 80, wewe unakwenda 90.

Sasa tuingie kwenye difu. Ndani yake kuna gia kubwa, krauni, inayozungushwa na gia ndogo, pinioni. Ya kijana huyu ilikuwa na meno 41 kwa 10, yaani 4.1. Kwa tairi zile, gari lilivuta kama lina difu ya 3.6. Ili kurudi pale pa mwanzo alihitaji kama 4.6. Kwenye pikapu za Toyota zipo difu za 41 kwa 9, ambayo ni 4.56, na za 39 kwa 8, ambayo ni 4.88. Kwa anayepanda mlima na mzigo ningechagua 4.88, ingawa kwenye lami tambarare injini itazunguka zaidi kidogo. Anayeshinda barabara kuu, 4.56 inamtosha.

Na ni difu zote mbili. Kuna mafundi watakaokwambia badilisha ya nyuma tu, ya mbele hutumii kila siku. Usikubali. Siku utakayounganisha magurudumu ya mbele, ekseli mbili zitataka kwenda kwa mwendo tofauti, zitavutana, na kitu kitavunjika, tena ukiwa na mzigo kwenye tope.

Kinachonitia hofu zaidi ni kushuka. Ukiteremka na tani moja ya kabichi, gia ndiyo inayolishika gari. Tairi kubwa inapunguza mshiko huo, na breki zinabaki kufanya kazi peke yake huku zikipambana na gurudumu kubwa zaidi. Difu mpya inarudisha mshiko wa gia. Breki haiziongezei nguvu, hilo lijue mapema.

Msimamo wangu ni huu: kama gari ndilo linalokulisha, usinunue tairi kubwa kabla hujauliza bei ya difu mbili, oili na kazi ya fundi. Zikikushinda, baki na saizi ya gari, ila chukua tairi zenye meno ya tope.

Ukinunua difu zilizotumika, chukua difu nzima, ya mbele na ya nyuma zenye hesabu moja. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani. Usichanganye ya huku na ya kule. Kabla hujalipa, tia alama ya chaki, zungusha pinioni na uhesabu inazunguka mara ngapi krauni ikimaliza mzunguko mmoja. Ikikaribia tano, hiyo ni 4.88. Ukifunga gia mpya, fundi lazima azipake rangi aone meno yanakutana wapi. Safari ya kwanza iwe fupi, kama kilomita 30, kisha acha difu ipoe. Kilomita 800 za mwanzo usibebe mzigo mzito, halafu mwaga oili uweke nyingine. Ndiyo maana kazi hii haifanywi wakati wa mavuno.

Yule kijana alipiga hesabu, difu mbili zikamshinda. Zile za inchi 31 kaziuza, karudi kwenye 225/70 zenye meno. Korongo lililokuwa likimgusa tumbo tulilijaza mawe Jumamosi moja, watu 14 na machepe yetu.