Macho ya mzee yakikwama, tusikimbilie miwani wala ulozi

Kule Kasenga, kwenye ukingo wa mto Luapula, mzee akishindwa kushona wavu wake, watu husema macho yamezeeka. Jamaa wanachanga pesa, anapelekwa Lubumbashi, safari ya kilomita karibu 200, anunuliwe miwani. Lakini kuna wazee ambao miwani haiwasaidii: uzi mmoja bado wanauona miwili, na wakishuka ngazi wanakosa hatua. Hapo maneno ya ulozi huanza.

Sababu moja isiyofikiriwa haraka ni ugonjwa wa Parkinson. Wengi wanaujua kwa mikono inayotetemeka, mwili unaokakamaa na mwendo wa polepole. Lakini macho pia yanasogezwa na misuli inayopokea amri kutoka ubongo. Parkinson hupunguza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo. Jicho lililozoea kuruka mara moja kutoka neno hadi neno sasa linafika kwa hatua ndogo ndogo. Macho mawili hayakutani vizuri kwenye kitu cha karibu. Kope hupepesa mara chache, macho yanakauka na kuwasha. Miwani ya kawaida haiondoi shida hizo.

Si ugonjwa wa Wazungu. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani waliishi nao. Katika wilaya ya Hai, kaskazini mwa Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba wengi wa wagonjwa waliopatikana walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaugua nini.

Kuanza kuchunguza hakuhitaji mashine. Muuguzi anainua vidole viwili na kumwomba mzee aangalie kimoja, kisha kingine, bila kugeuza kichwa. Halafu juu na chini. Anatazama pia mikono na mwendo. Mzee asiyeweza kuangalia chini na ambaye alianza kuanguka mapema anaweza kuwa na ugonjwa mwingine unaofanana na huo. Atumwe kwa munganga wa ubongo bila kukawia.

Ndiyo maana wakuu wa afya wa Haut-Katanga wanapaswa kuwafundisha wauguzi wa vituo vya vijijini uchunguzi huu, na kuhakikisha levodopa inafika katika hospitali kuu za maeneo. Dawa hiyo iko kwenye orodha ya OMS ya dawa muhimu. Haiponyeshi, na huusaidia mwili kuliko macho, lakini inaweza kumrudishia mzee uwezo wa kuvaa nguo na kutembea mwenyewe.

Nyumbani nako kuna la kufanya: taa nzuri usiku, kidole chini ya mstari wakati wa kusoma, dawa ya matone kwa macho makavu kwa ushauri wa munganga, na mkono wa kumshika kwenye ngazi. Mzee anayekodoa macho bila kupepesa si mulozi. Ni mgonjwa, na anastahili kupimwa kabla ya kuhukumiwa.