Daktari mwenye medali tisa anawaumbua wanaosema shule inaua kipaji

Kuna kauli imezoeleka vijiweni, na hata kwa baadhi ya makocha: kinda akitaka kufika mbali, aachane na madaftari. Eti kichwa kimoja hakibebi shule na mazoezi. Wenye kauli hiyo wamtazame Heikki Savolainen.

Jamaa hakuwa mwanasoka. Alikuwa mcheza jimnastiki wa Finland, mzaliwa wa Joensuu mwaka 1907, na taaluma yake ilikuwa udaktari. Na michezoni hakuwa msindikizaji hata kidogo.

Olimpiki ya Amsterdam 1928, akiwa na miaka 20 tu, alibeba shaba kwenye farasi, kile kifaa chenye vishikio viwili ambacho mchezaji huzungusha miguu juu yake huku mikono ikibeba mwili mzima. Los Angeles 1932 akarudi na medali nne. Moja ilikuwa fedha ya chuma cha mlalo, ambako alilingana pointi na Mfini mwenzake, Einari Teräsvirta, aliyepewa shaba. Huyo Teräsvirta naye alikuwa msanifu majengo. Yaani daktari na msanifu majengo walikuwa wanagombea medali moja, halafu mtu anasema wasomi hawawezi michezo!

Berlin 1936 wakapata shaba ya timu. Kisha mambo yakaharibika. Olimpiki ya 1940 ilikuwa ifanyike Helsinki, nyumbani kwao kabisa, lakini vita ikaifuta. Ya 1944 nayo ikafutwa. Savolainen aliingia gizani akiwa na miaka 28, akatoka akiwa na 40. Siku hizi straika akikaa nje msimu mmoja kwa ajili ya goti, tunaanza kumzika.

London 1948, jimnastiki ilipangwa kufanyika Wembley, uwanja ambao hakuna shabiki wa soka asiyeujua. Mvua ikawahamishia ndani, ukumbini Earls Court. Huko ndiko mzee wa miaka 40 alikotwaa dhahabu mbili. Ya kwanza ya timu, Teräsvirta akiwemo. Ya pili ya farasi, baada ya Wafini watatu kulingana pointi na wote kupewa dhahabu.

Miaka minne baadaye, Olimpiki ikafika Helsinki kweli. Aliyesimama kula kiapo kwa niaba ya wanamichezo wote ni daktari huyohuyo, sasa ana miaka 44. Akamaliza na shaba ya timu. Jumla: Olimpiki tano, medali tisa.

Watabishi watasema enzi zile michezo ilikuwa ya ridhaa, hakuna mshahara, kwa hiyo ilibidi mtu awe na kazi nyingine. Sawa, hoja ina mashiko. Mwanasoka wa leo analipwa, na ratiba imembana. Lakini Sócrates wa Brazil alikuwa mwanasoka hasa, na aliusomea udaktari huku akiichezea Botafogo ya Ribeirão Preto. Akahitimu, akaenda Corinthians, na mwaka 1982 akavaa kitambaa cha unahodha wa Brazil kwenye Kombe la Dunia. Shule ilimpunguzia nini?

Halafu mshahara wa mpira una tarehe ya mwisho. Akijitahidi sana, mchezaji anatundika daluga akiwa na miaka 35 au 36. Goti likigoma, hata 25 hafiki. Na wanaopewa mkataba mnono ni wachache. Yule kinda aliyetolewa darasani akaishia benchi la timu ya daraja la chini, nani anamkumbuka?

Savolainen alifariki Kajaani mwaka 1997, akiwa na miaka 90. Kutoka medali yake ya mwisho hadi siku hiyo ilipita miaka 45. Hiyo ni karibu mara mbili ya muda wote aliokuwa akishindana Olimpiki, na aliingia kwenye miaka hiyo akiwa na taaluma mkononi.

Kwa hiyo kocha anayemwambia mzazi amtoe mtoto shule ili awahi mazoezi ya asubuhi, amalizie na sentensi ya pili: mtoto huyo atakula nini akifika miaka 40? Kama hana jibu, mazoezi yahamie jioni.