"SI ALIBOFYA RUHUSU MWENYEWE?"



Ndugu zangu, mwezi uliopita baada ya Magharibi uliingia ujumbe kwenye simu yangu: fulani ni tapeli, amekimbia deni, na wewe ni mdhamini wake, mwambie alipe leo. Fulani huyo ni kijana wa bodaboda hapa hapa Mugumu. Wallahi sijamdhamini kwa lolote. Kumbe ujumbe huo huo umekwenda kwa mama mkwe wake, kwa fundi wake wa pikipiki, mpaka kwa ustadhi anayewasomesha wanawe. Alikopa kwenye aplikesheni ya simu, na deni lenyewe halifiki shilingi 50,000. Tangu siku ile hatumuoni msikitini.

Nilipolisema hili barazani, nikajibiwa: "Shekhe, si alibofya Ruhusu mwenyewe?"

Jibu hili nalikataa. Alibofya, ndiyo. Lakini namba yangu ni yangu, na mimi sikubofya kitu. Surat an-Nur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na tuwasalimu wenyewe. Wenyewe! Jirani akimruhusu mgeni aingie chumbani kwangu, mgeni huyo ameingia bila idhini, na jirani naye amekosa. Majina ya watu yaliyo ndani ya simu yako ni amana, huwezi kuyaweka rehani.

Riba ni haramu, na kijana nimemwambia hivyo uso kwa uso. Ila dhambi yake haimhalalishii mtu kumtangaza. Al-Baqara 280 inaamrisha mwenye deni aliyebanwa apewe muda mpaka apate nafuu. Hawa wanampa saa mbili, kisha wanamvua nguo mbele ya wakwe!

Na wenye masoko ya aplikesheni wasijifiche. Hapa kwetu ng'ombe wa wizi akiuzwa mnadani, msimamizi hasemi "mimi natoa uwanja tu". Google yenyewe ilikataza aplikesheni za mikopo kusoma majina na picha za simu tangu Mei 31, 2023. Ina maana walijua. Novemba 2024 Benki Kuu ikataja majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni. Sitini na tisa, jamani! Zilipitia mlango gani mpaka zikafika kwenye simu za watu wetu?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, na Tume yake inapokea malalamiko. Aliyetumiwa ujumbe kama wangu asiufute, ni ushahidi. Kabla ya kukopa, tazama leseni kwenye orodha ya Benki Kuu. Aplikesheni ya mkopo ikitaka majina yako, iondoe. (Tochi nayo inataka majina, ya nini?)

Na nyinyi mliousambaza ule ujumbe kwenye magrupu mkicheka, al-Hujurat 12 inawahusu kabla ya kumhusu mkopeshaji. Ufuteni. Kisha kesho Alfajiri mmoja wenu ampitie kijana nyumbani kwake, waje naye.

Wabillahi tawfiq.