Marla yupo au hayupo?

Filamu ya Fight Club ilitoka mwaka 1999, na hadi leo watu wanaibishania utadhani imetoka juzi. (Si ya watoto: ina ngumi, damu na mambo ya chumbani.) Ubishi wenyewe haumhusu tena Tyler Durden. Huyo, kila aliyefika mwisho wa filamu anajua kwamba hayupo. Ameumbwa na akili ya yule mfanyakazi wa ofisini asiyepata usingizi, anayetusimulia hadithi bila kutajwa jina lake. Anayebishaniwa ni Marla Singer, mwanamke pekee mwenye nafasi kubwa humo. Wapo wanaoapa kwamba naye ni wa kufikirika.

Hoja zao si za kubeza. Mwongozaji David Fincher alitawanya dalili za Tyler kila mahali. Sura yake inapita kwenye skrini kufumba na kufumbua kabla hatujatambulishwa kwake. Begi lake ni sawasawa na la msimulizi. Simu ya kibanda anayopigiwa msimulizi imeandikwa kwamba haipokei simu. Mtazamaji aliyekwisha kudanganywa mara moja hataki kudanganywa tena, hivyo anaanza kumkagua Marla. Anamwona akivuka barabara yenye magari bila kutazama kulia wala kushoto, na haguswi. Anamwona ameketi katika kikundi cha wanaume wenye saratani ya korodani. Anaona pia kwamba msimulizi anapofumba macho kutafakari, ndani ya pango la mawazo yake Marla anatokea pale alipokuwa pengwini. Juu ya hayo, Marla, Tyler na msimulizi hawakai chumba kimoja wakazungumza watatu.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo inayowageukia wenyewe. Tyler anamwapisha msimulizi asimzungumzie kamwe mbele ya Marla. Kama Marla naye ni kivuli cha akili ileile, kiapo cha nini? Kivuli hakitoi siri. Anayeweza kuitoa ni mtu mwenye macho yake mwenyewe, na ndivyo inavyokuwa: msimulizi anapoanza kujishuku anampigia Marla simu, na Marla anamwita Tyler Durden.

Inafaa kuitazama upya filamu hiyo kwa upande wake. Amekunywa vidonge vingi, anapiga simu, mwanamume anakuja kumtoa chumbani kwake. Usiku mwanamume huyo anamtaka. Asubuhi anashuka jikoni na kumkuta yuleyule akimkodolea macho kama mwizi aliyevunja mlango, akimuuliza anafanya nini humo. Siku nyingine anamwita aje amkague titi kwa sababu anahofia uvimbe. Anakuja, anamkagua, na baadaye ubaridi uleule unarudi. Kwa Marla hakuna watu wawili. Yupo mmoja, na hajui leo ataamkaje. Mara ya kwanza mtazamaji humdhania Marla kuwa ndiye mwenye kichaa, kwa nywele zile na sigara zile. Akirudia, anagundua kwamba jikoni mle mwenye akili timamu ni yeye peke yake.

Ndiyo maana nadharia hii, pamoja na utamu wake wote, ina ubaya. Wanaume wanaopigana ngumi chini ya baa walikwenda kwa hiari yao. Marla hakuchagua kuishi na mtu wa nyuso mbili. Ukimfuta, mwanamume yule anakuwa hakumuumiza mpenzi wake hata siku moja. Aligombana na kichwa chake tu. Wake na waume wengi wanaijua kauli hiyo kwa ndugu na majirani: mbona sisi hatujawahi kumwona akiwa hivyo, labda ni mawazo yako.

Wenye nadharia wakikumbushwa kwamba mwishoni wafuasi wa Tyler wanamkamata Marla na kumleta mzobemzobe, hujibu kwamba wafuasi nao ni wa kufikirika. Haya, na majengo yanayoanguka je? Kwa mwendo huo hakuna filamu inayobaki ya kubishania.

Msimulizi mwenyewe hana shaka hiyo. Mwanzoni kabisa, bunduki ikiwa mdomoni, anasema mambo yote haya yanamhusu mwanamke aitwaye Marla Singer. Na anapoelewa hatimaye alichomfanyia, anamtafuta, anamwomba radhi mezani kwenye mgahawa, kisha anampa pesa na kumsihi apande basi aondoke mjini. Marla anazipokea. Anamwambia hatazirudisha, kwamba katika maisha yake hajapatwa na baya kuliko yeye, na anapanda basi.