Jiografia Ianzie Mdomoni mwa Umba

Miongoni mwa masomo ambayo mwanafunzi wa Kenya ana hiari ya kuyashika au kuyaacha, sioni lililodhulumiwa kwa kauli nyepesi kuliko jiografia. Mzazi husema haliajiri mtu, mwanafunzi husema lina mengi mno ya kuhifadhi, na tangu shule za sekondari pevu zilipofungua milango kwa gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026, na kila kijana akatakiwa achague mkondo wake mapema, kauli hizo mbili zimezidi kupata wasikilizaji. Ya mzazi nitaigusa baadaye kidogo. Ya mwanafunzi ina haki ndani yake, nami napenda kuitazama kutoka Vanga, mji wa mwisho wa pwani ya Kenya kwa upande wa kusini.

Kijana wa mtaala wa 8-4-4 alifundishwa namna Waholanzi walivyoizuia bahari kwa kuta za udongo na mawe wakalima mahali palipokuwa maji. Akalinganisha uvuvi wa Kenya na ule wa Japani. Akasoma ngano ya Kanada na chuma cha bonde la Ruhr. Mimi si katika wale watakao hayo yafutwe. Sehemu kubwa ya Uholanzi i chini ya usawa wa bahari, na katika Kenya nzima sidhani kama yuko mwenye sababu ya kuisikiliza habari hiyo kumshinda mwana wa Vanga, ambaye mji wake umekaa bondeni, umezungukwa na mikoko na maji ya chumvi, na kila baada ya muda hufurika hata watu wakahama nyumba zao. Ajabu ni kwamba mwana huyo husomeshwa kuta za Uholanzi pasina kuulizwa mafuriko ya kwao hutoka wapi, hukariri kwa ajili ya mtihani, na mtihani ukisha kupita akasahau, kisha akalaumiwa kwa uvivu.

Na hutoka wapi? Mto Umba huanzia katika milima ya Usambara, upande wa Lushoto nchini Tanzania, ukateremkia nyika kavu ambako watu huchimba yakuti, ukavuka mpaka, ukamwaga maji yake baharini hapo Vanga. Kwa hiyo yamkini mvua kubwa ikanyesha Usambara ilhali mbingu ya Vanga ni safi, na maji yakaja vivyo hivyo. Na yakiwasili siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, bahari nayo imejaa kupita desturi yake, hayapati pa kutokea, hurudi nyuma yakaingia mashambani na majumbani. Katika jambo hili moja mna mvua za milimani, mwinamo wa ardhi, mwendo wa mto, nguvu za mwezi na jua juu ya bahari, na kazi ya mikoko ya kushika tope na kuvunja mawimbi: sehemu kubwa ya karatasi ya kwanza ya mtihani, na mwanafunzi amekwisha kuiona kwa macho yake kabla hajanunua kitabu.

Hata siasa imo. Katika mapatano ya mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waliuanza mstari wao mdomoni mwa Umba, wakauvuta hadi Ziwa Jipe, wakauzungusha Kilimanjaro, wakaufikisha Ziwa Viktoria. Jamaa za watu wa Vanga, na wa Jasini ng'ambo ya mpaka, wakajikuta raia wa dola mbili, na mto ukabaki na kichwa huku na mkia kule. Ramani ya darasani, ambayo nje ya Kenya huachwa nyeupe, humficha mtoto chanzo cha maji yanayomtoa kwao.

Sasa kauli ya mzazi, kwamba somo hili haliajiri mtu. Huko Gazi, mwendo mfupi kaskazini ya Msambweni, mradi wa Mikoko Pamoja umeuza hewa ya ukaa iliyoshikwa na mikoko tangu mwaka 2013, na fedha zake zimesaidia shule na maji. Watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata na mradi wao. Hewa hiyo haiuzwi kwa maneno. Sharuti msitu upimwe, mashina yazungushiwe utepe, hisabu ifanywe na ramani ichorwe, na anayeweza kufanya hivyo ndiye anayelipwa. Wazee watamtajia kijana mkandaa, mchu, msindi na mlilana, na mahali kila mmoja upendapo kuota. Shule nayo imweleze kwa nini mlilana hukaa mbele kwenye maji na mchu huvumilia chumvi. Ndivyo ilivyo pia kwa miongo inayohesabiwa tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, na kwa pepo za kaskazi na kusi: mvuvi ajua ni lini, mwalimu ajua ni kwa nini, na ni hasara mtu kuwa na moja tu. (Wapo wanaodhani maarifa ya mvuvi yatosha; hao hawajaona jinsi mvua zilivyoanza kuvunja ahadi zake.)

Walimu watasema utafiti wa nyanjani una gharama, na ni kweli ikiwa maana yake ni kukodi basi kwenda kutazama Bonde la Ufa. Lakini shule ya Vanga yaweza kusimamisha kando ya Umba mti uliopigwa alama za sentimita, shule moja ya Lushoto ikatengeneza kipima mvua kwa chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, na walimu wawili wakabadilishana namba za simu. Waandike kila asubuhi, masika yote, watoto wa huku na wa kule, wachore mistari miwili katika karatasi moja, wapime ni saa ngapi hupita baina ya mvua ya juu na maji ya chini. Kazi hiyo haihitaji basi, na tarakimu za Lushoto zaweza kufika Vanga kabla ya mafuriko.