Simu Haina Mkono wa Kushika Mshipa

Umezuka mtindo siku hizi, nao umeingia hata huku kwetu Mkokotoni: mtu akiumwa na kichwa haendi kwa tabibu, huiuliza simu. Simu humjibu upesi. Humtajia uchovu, homa, presha na uvimbe wa ubongo kwa mpigo mmoja, kwani haimjui muulizaji ni nani, ana umri gani, wala jana alilala saa ngapi. Naye katika hayo yote hulishika lile baya kabisa.

Jirani yangu mmoja, mvuvi kijana, alikesha namna hiyo siku tisa. Moyo ukimwenda mbio kwa khofu, akadhani hayo nayo ni maradhi ya moyo! Akaiacha bahari, watoto wakala kwa kukopa. Tulipomfikisha Kivunge akapimwa, hakuonekana na ila isipokuwa uchovu na kukosa usingizi.

Wanaolitetea jambo hili hutwambia: "Sheikh, dini imetuamrisha kutafuta elimu." Naam, lakini tuitafute kwa nani? Katika Surat An-Nahl, aya ya 43, tumeamrishwa tuwaulize wenye kujua. Na iko hadithi ya Jabir katika Sunan ya Abu Daud: mtu alipasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenziwe kama aweza kutayamamu; wakamjibu kuwa hana ruhusa. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) aliwalaumu vikali, akabainisha kuwa dawa ya ujinga ni kuuliza. Watu wale waliijua kanuni ya mwenye maji. Hawakuijua hukumu ya mwenye jeraha, naye yuko mbele ya macho yao. Basi itakuwaje simu, isiyomwona mgonjwa kabisa?

Lakini haki isemwe pande zote. Wako watabibu wanaomkaripia mgonjwa akiuliza, na sisi wazee huwacheka vijana wakitaja khofu zao. Aliyefungiwa mlango wa kuuliza huingilia dirishani. Tuufungue mlango.

Nawe ndugu yangu, ukiwa na maumivu yasiyokwisha, nenda hospitali leo, usingoje kesho. Ukisha kupimwa ukaambiwa huna neno, zima simu, sali rakaa mbili, ulale. Mwili ni amana, na utulivu wa moyo ni amana vilevile.

Wabillahi tawfiq.